“Nimebaki kuwa mtu wa kujaza fomu”: jibu kwa daktari kijana wa utafiti wa chanjo

Swali:

“Shikamoo Profesa. Mimi ni daktari wa kike, nina miaka 29. Nilipomaliza utarajali niliajiriwa kwa mkataba kwenye jaribio la chanjo ya malaria kwa watoto huku Pwani. Niliingia na ndoto ya kuwa mwanasayansi wa chanjo. Ninachofanya ni kupima joto, kusikiliza vifua, kuchukua damu, kujaza fomu na kuwapigia simu akina mama waliokosa kliniki. Makala ya kwanza ya mradi, iliyoeleza hali ya malaria kwa watoto kabla ya jaribio kuanza, imetoka na jina langu limewekwa kwenye shukrani, pamoja na madereva. Mtafiti mkuu ni mtu mwema lakini hana muda. Mkataba wangu unaisha baada ya miezi mitatu. Wanasema wataniongezea miaka miwili. Nimepata pia nafasi ya shahada ya uzamili Ulaya, ila ufadhili ni wa ada peke yake. Mama anataka nirudi hospitali, niombe ajira ya serikali na nisomee ubingwa wa watoto. Halafu kuna jambo linanisumbua: watoto waliochanjwa bado wanakuja na malaria. Je, kitu hiki kinafaa mtu kukipa maisha yake? Nifanye nini?”

Jibu:

Marahaba, mwanangu. Umeuliza kama kazi unayoifanya ni sayansi, kama chanjo yenyewe ina maana, na ushike njia ipi kati ya tatu. Ndani yake kuna swali la nne ambalo hukuliandika: nani anakulea katika kazi hii? Kwangu hilo ndilo zito kuliko yote. Lakini siwezi kulifikia kabla sijakuondolea mawazo mawili yanayokuumiza bure.

Umeandika “watoto waliochanjwa bado wanakuja na malaria.” Umejuaje kwamba walichanjwa? Kama jaribio lenu ni kama mengi ya aina hii, si wewe wala mzazi anayejua mtoto alipata nini. Wote walidungwa sindano. Katika majaribio makubwa ya RTS,S na R21, zile chanjo mbili za malaria, watoto wa kundi linganishi, yaani wasiopewa chanjo inayojaribiwa, wa umri wa kuanzia miezi 5 walipewa chanjo ya kichaa cha mbwa, ili nao wasitoke mikono mitupu. Yule uliyemwona juzi akiwa na vimelea vya malaria tele huenda alipata ya kichaa cha mbwa. Siku utakayoanza kukisia moyoni kwamba huyu kachanjwa na huyu hakuchanjwa, mkono wako utaanza kumchunguza mmoja kwa makini zaidi ya mwenzake, na jaribio litakuwa limeharibika bila mtu kudanganya popote. Acha kukisia.

Hata hivyo wasiwasi wako una msingi, kwa sababu wapo watoto waliochanjwa kwelikweli na bado wanaugua. Mbu anapouma huingiza vimelea vichache tu kwenye ngozi, navyo vinaelekea ini. RTS,S na R21 zote mbili huufundisha mwili kutengeneza kingamwili dhidi ya protini inayofunika kimelea katika safari hiyo fupi. Nafasi ya kukizuia ni ndogo mno. Kimoja kikiponyoka kikaingia ini, kinazaliana humo kwa takriban wiki moja, kisha yanatoka maelfu na kuvamia seli nyekundu za damu. Vimelea vilivyo kwenye damu havina tena protini ile, kwa hiyo kingamwili zilizotokana na chanjo hazina cha kushika. Isitoshe, kingamwili hizo hupungua kadiri miezi inavyopita, na ndiyo sababu ya dozi ya nne. Chanjo ya namna hii hupunguza idadi ya mara ambazo mtoto anaugua. Anayeingojea ifanye kama ya surua atakata tamaa kila siku ya kliniki.

Sasa tazama hesabu. Jaribio la awamu ya tatu la RTS,S, yaani lile kubwa la kuthibitisha kama chanjo inafanya kazi, liliandikisha watoto 15,459 katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, vikiwamo Bagamoyo, Korogwe, Kilifi, Kombewa na Siaya. Kwa waliochanjwa kuanzia umri wa miezi 5 hadi 17 na kupata dozi zote nne, malaria ilipungua kwa 36% katika muda wa takriban miaka minne. Vijana wengi huisoma namba hiyo na kununa. Lakini kwa kila watoto 1,000 waliochanjwa hivyo, maradhi 1,774 ya malaria yalizuiwa. Yanazidije idadi ya watoto? Kwa sababu huku kwetu mtoto mmoja huugua mara nyingi, wewe unayashika mafaili yao unalijua hilo kuliko mimi. Kisha chanjo ikapelekwa kwenye kliniki za kawaida Ghana, Kenya na Malawi kuanzia 2019, na tathmini ya miaka minne ikaonyesha vifo vya watoto waliofikia umri wa kuchanjwa vilipungua kwa 13%, ukiacha vya ajali. Sijui dawa nyingi za watoto zinazoweza kujivunia hivyo.

Nikiwa hapo nikuonye juu ya jambo moja. Utasikia watu wakisema R21 ni 75% na RTS,S ni 36%, basi ya kwanza ni bora maradufu. Ile 75% ni ya miezi 12 ya kwanza, kwenye maeneo ya malaria ya msimu ambako watoto walichanjwa kabla tu ya msimu kuanza. Kwenye vituo vilivyochanja kwa kufuata umri, vikiwamo Kilifi na Bagamoyo, ilikuwa 68%. RTS,S nayo ilipotazamwa kwa miezi 12 tu baada ya dozi ya tatu ilionyesha takriban 56%. Mtu akikutajia asilimia ya chanjo yoyote, muulize: kwa muda gani, wapi, na ugonjwa ulitambuliwaje?

Hilo la mwisho ndilo linalonirudisha kwenye fomu zako, na hapa nitakaa kidogo.

Ukanda wetu una watoto wengi wanaotembea na vimelea vichache damuni bila kuumwa. Mtoto wa namna hiyo akishikwa na mafua, atakuja na homa, slaidi, yaani damu yake chini ya hadubini, itaonyesha vimelea, na daktari mwenye haraka ataandika malaria. Hospitalini haidhuru sana, atapewa dawa na ataondoka. Kwenye jaribio la chanjo ni hasara kubwa. Chukua mfano wa kubuni. Kundi linganishi limepata malaria halisi 100, kundi la chanjo 40. Chanjo imepunguza kwa 60%. Sasa ongeza mafua 50 kila upande yaliyoandikwa kimakosa kuwa malaria, maana mafua hayajali nani kachanjwa. Umepata 150 kwa 90, na chanjo ileile sasa inasoma 40%. Hakuna aliyeiba wala kudanganya, na thuluthi nzima ya matokeo imepotea.

Ndiyo maana RTS,S iliweka vizingiti: joto la kwapani lisilopungua nyuzi 37.5, na vimelea zaidi ya 5,000 kwa kila maikrolita ya damu. Ndiyo maana slaidi husomwa na watu wawili, wakitofautiana sana anaitwa wa tatu. Na ndiyo maana kipimajoto kinachotolewa kwapani kabla hakijalia ni kosa la kisayansi, hata kama nyuma yako kuna foleni ya akina mama ishirini na jua limeshakuwa kali. Wale akina mama unaowapigia simu vilevile. Kama familia ambazo watoto wao wanaugua sana ndizo zinazochoka na kuacha kuja, na kama kuchoka huko kumetokea zaidi upande mmoja, matokeo yatapinda na mtakwimu wa London au Dar hatakuwa na njia ya kuyanyoosha. Wewe ndiye kifaa cha kupimia. Baada yako, kilichobaki ni hesabu tu.

Katika jaribio la RTS,S ilionekana kwamba homa ya uti wa mgongo ilitokea zaidi kwa watoto waliopata chanjo katika kundi la umri wa miezi 5 hadi 17. Jambo hilo lilijulikana kwa sababu madaktari wa vituoni, watu wa kazi kama yako, walishuku, wakatoa maji ya uti wa mgongo, wakaandika walichokiona. Ule mpango wa Ghana, Kenya na Malawi ulipoanza, ulilitafuta jambo hilo kwa makusudi, na haukupata ushahidi kwamba chanjo ndiyo iliyosababisha. Maswali makubwa kabisa ya usalama huanzia kwenye fomu iliyojazwa vizuri na mtu asiyejulikana.

Lakini sitaki kukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Ukijaza fomu vizuri kwa miaka mitano bila kuwa na swali lako mwenyewe, utakuwa daktari hodari wa utafiti na hutakuwa mwanasayansi. Wapo wengi wa hivyo, wanahama kutoka mradi hadi mradi, wanaheshimiwa, na kila mradi ukiisha wanaanza upya na wasifu uleule. Hiyo ndiyo hatari halisi iliyo mbele yako, kuliko hata hilo la jina kwenye shukrani.

Swali lako usilitafute mbali. Kila siku unaona watoto wenye homa ambao slaidi zao ni safi. Wanaumwa nini? Utafiti uliofanywa kwa watoto 1,005 wenye homa Dar es Salaam na Ifakara ulikuta takriban mmoja tu kati ya kumi ndiye aliyekuwa na malaria, na wengi walikuwa na virusi. Je, kwenye kata yako leo ikoje? Au jingine: mama anayetia kidole gumba kwenye fomu ya ridhaa, wiki moja baadaye anakumbuka nini kati ya tulivyomweleza? Mtaani wanasema “wanawajaribia watoto wetu”, nasi tunawajibu kwa fomu yenye kurasa kumi. Kijana anayeweza kupima kwa uaminifu kile wazazi wanachokielewa, na akajaribu njia bora ya kuwaeleza, ana makala mkononi na ameusaidia mradi.

Maswali haya mawili nimeyachagua kwa sababu hayahitaji ufungue siri ya nani alipata chanjo ipi. Data za matokeo ya chanjo zina utaratibu wake, mpango wa uchambuzi hufungwa mapema, na hutaruhusiwa kuzigusa. Utafiti mdogo ndani ya jaribio kubwa unahitaji itifaki yake, yaani mpango wake wa utafiti ulioandikwa, kibali cha mtafiti mkuu na mfadhili, na kibali cha kamati ya maadili ya taasisi pamoja na ile ya kitaifa iliyo NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Ukitaka kutumia damu iliyohifadhiwa, soma kwanza fomu ya ridhaa: je, mzazi alikubali sampuli itumike kwa utafiti mwingine? Kama hakukubali, sahau. Hesabu miezi, si wiki. Anza sasa.

Kuhusu jina lako. Kwanza, madereva wanastahili shukrani zile, maana bila wao slaidi zako zingeoza njiani, kwa hiyo usione umeshushwa kwa kuwekwa nao. Pili, utaratibu ambao majarida mengi ya tiba hufuata unamtaka mwandishi atimize mambo manne: awe amechangia kwa uzito katika kubuni kazi, kukusanya data au kuzichambua, awe ameandika au kuhariri kwa kina, aidhinishe nakala ya mwisho, na akubali kuwajibika kwa kazi nzima. Kukusanya data peke yake hakutoshi. Ila utaratibu huohuo unasema aliyetimiza la kwanza apewe nafasi ya kushiriki katika hayo mengine. Jiulize basi: uliwahi kuomba kusoma rasimu? Kama hukuomba, na wao hawakukuita, kosa limegawanyika, ingawa kwa maoni yangu fungu kubwa ni la mkubwa, maana mdogo hajui mlango uko wapi. Makala iliyotoka imetoka. Kwa inayofuata, uliza kabla haijaanza kuandikwa: “Nifanye nini ili niwe mwandishi?” Uliza kwa barua pepe, kwa adabu, na jibu ulitunze.

Sasa huyu mtafiti mkuu, mtu mwema asiye na muda. Nakuambia kama mtu ambaye vijana wengi wamepitia mikononi mwake: kijana akinijia na “naomba unilee”, nakubali kwa mdomo na hakuna kinachotokea, kwa sababu sijui nianzie wapi. Akinijia na ukurasa mmoja wenye swali, sababu, namna ya kulijibu, na mahali alipokwama, huyo namjibu usiku uleule, hata kama ukurasa wenyewe umejaa makosa. Muombe dakika ishirini kwa mwezi na umpelekee ukurasa siku mbili kabla. Asipoweza hata hizo, hawezi kuwa mlezi wako, abaki bosi wako na msigombane.

Wala usimtwike mtu mmoja kila kitu. Tafuta mtakwimu, awe kijana kama wewe, atakayekufundisha kuchambua data kwa mikono yako mwenyewe. Wauguzi na madaktari wengi wa utafiti huogopa sehemu hii na ndiyo inayowaweka nje ya chumba cha maamuzi. Tafuta mtu aliye hatua mbili mbele yako, anayesoma uzamivu sasa hivi, maana yeye anakumbuka fomu za maombi kuliko sisi wazee. Na jihadhari na mlezi anayekuzuia kuzungumza na watu wengine, anayekaa na data zako bila kukurudishia, au anayejiweka mwandishi wa kwanza kwenye kazi uliyoibuni na kuiandika wewe. Wapo, tena wengine ni hodari na wacheshi.

Tuje kwenye njia zako tatu. Uzamili wa Ulaya kwa ada peke yake nisingeushauri, labda uwe na ndugu wa kukupa pa kulala na chakula. Nimeona vijana wakifanya kazi za usiku ili kulipa kodi ya chumba, wakarudi na cheti na deni, na masomo hawakuyafaidi. Omba nafasi yako iahirishwe hadi mwaka unaofuata, vyuo vingi hukubali, na wakati huo utafute ufadhili kamili. EDCTP, ushirikiano wa Ulaya na Afrika katika majaribio ya tiba ulioanza 2003, umefadhili vijana wengi wa bara hili. Kilifi kuna programu ya IDeAL ya kukuza watafiti. Na kozi ya chanjo ya ADVAC pale Annecy, Ufaransa, ni ya wiki chache tu, ila inafaa zaidi ukiwa tayari na kazi ya kuizungumzia.

Ubingwa wa watoto anaoutaka mama si kuacha sayansi. Mabingwa wa watoto wamejaa kwenye uongozi wa majaribio ya chanjo, kwa sababu wao wanajua mtoto mgonjwa ni yupi kabla ya maabara kusema. Ajira ya serikali ina pensheni na haifi mradi unapokwisha. Hili la pili si dogo: mapema 2025 Marekani iliposimamisha misaada, muungano wa watafiti wa BRILLIANT ulioongozwa kutoka Afrika Kusini ulikuwa karibu kuanza jaribio la chanjo ya VVU, na kazi ikasimama. Anayekwambia utafiti wa mikataba ni kazi ya uhakika hakutakii mema. Gharama ya njia ya mama ni miaka kadhaa mbali na chanjo, na wodi inajua kummeza mtu.

Kubaki miaka miwili ndiko ninakokupendelea, lakini kwa sharti kwamba swali lako liandikwe ndani ya mkataba mpya: muda wa kulifanyia kazi, walau siku moja kwa wiki, na jina la atakayekusimamia. Wakikataa yote, chukua ubingwa bila kusitasita.

Na kama mnachokijaribu kitashindwa? Jaribio la PrEPVacc lilipima chanjo za VVU kwa watu wazima Masaka, Mbeya, Dar es Salaam na Durban, likiongozwa na Waafrika. Mwishoni mwa 2023 uchanjaji ulisimamishwa kwa kuwa hapakuwa na dalili kwamba zingezuia maambukizi. Inauma. Lakini waliojifunza kuandikisha, kufuatilia na kuchambua hawakupoteza ujuzi huo, na jibu la “hapana” lililopatikana kwa usafi limewaepusha wengine kuifuata njia hiyohiyo. Chanjo kushindwa hakuwezi kukuharibia kazi. Data chafu zinaweza.

Yapo mambo yasiyofaa kumalizwa kwa kuandikiana. Mkataba mpelekee mtu anayejua sheria za ajira, ausome mbele yako, hasa vipengele vya data na haki ya kuchapisha. Ukiambiwa na yeyote uandike joto ambalo hukulipima, au uirudishe nyuma tarehe ya ridhaa, usibishane naye na wala usifanye. Nenda moja kwa moja kwenye kamati ya maadili, kila fomu ya ridhaa ina mawasiliano yao. Na kama kuna mtoto wa jaribio aliyefariki mikononi mwako na mpaka leo hulali vizuri, au unaona kuendesha gari kwenda kazini kunakuletea machozi, kamwone mshauri wa afya ya akili wiki hii, kabla hujaamua lolote kuhusu mkataba, Ulaya au mama.

Miezi mitatu inatosha. Mwezi wa kwanza andika ukurasa wako mmoja na umpe mtafiti mkuu pamoja na ombi la kuingizwa kwenye mkataba. Ulaya waandikie leo kuomba kuahirisha, maana wao wana tarehe zao. Majibu yakichelewa kupita mwezi wa pili, anza kujaza maombi ya ubingwa huku ukingoja, na umwambie mama kwamba umeanza, atafurahi. Jibu la mtafiti mkuu likija, nitumie pamoja na ule ukurasa. Nitausoma.